Dizeli ya zamani inachemsha mlimani tu: mpira wa juu unaunguza, wa chini vuguvugu. Maji yamekwama wapi?

#1 Gia_ya_Pili

Wakuu habari. Naomba wenye uzoefu na dizeli za zamani wanisaidie kufikiri kabla sijanunua kifaa kingine.

Gari ni silinda 4, lita 2.8, ina tabo, pampu ya dizeli ni ya kizamani isiyo na kompyuta. Tambarare haina shida kabisa, mshale wa joto unakaa katikati hata nikiwa na mzigo. Shida ni mlima mrefu. Nikishuka gia ya tatu na kukanyaga mafuta, mshale unaanza kupanda, na nikikazana unafika kwenye nyekundu. Nikipaki pembeni nikaiacha inaunguruma, unashuka taratibu.

Nikifungua boneti wakati huo mpira wa juu wa rejeta haushikiki kwa joto, tena umekaza. Wa chini unashikika vizuri tu, ni vuguvugu. Hita ya ndani inatoa baridi gari ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), nikipiga resi inaleta joto. Chupa ya akiba inajaa hadi inamwaga, na asubuhi maji hayarudi yote kwenye rejeta.

Rejeta ni mpya. Themostati fundi aliitoa, akasema ina kazi kwenye baridi kali tu. Tangu itolewe ndiyo hali imezidi. Oili ni safi, haina rangi ya maziwa, na moshi mweupe sijauona.

Je, ni pampu ya maji, au ndiyo hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imeshaondoka?

#2 Spana17

Hedi hiyo mkuu. Mpira umekaza, chupa inasukumwa mpaka inamwaga: hewa ya kwenye silinda inaingia kwenye maji. Shusha hedi ikapimwe, mengine ni kuzunguka mbuyu.

#3 Maji_na_Moto

Spana17 taratibu ndugu yangu, hedi haishushwi kwa bandiko moja.

Mtoa mada, rudia sentensi yako mwenyewe: "tangu itolewe ndiyo hali imezidi". Hapo ndipo pa kuanzia. Themostati ya dizeli nyingi za zamani inafanya kazi mbili kwa pamoja. Injini ikiwa baridi inafunga njia ya kwenda rejeta na kuacha maji yazunguke ndani ya bloku kupitia njia ya mkato. Injini ikipata joto inafungua njia ya rejeta NA inaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi, na maji hufuata njia nyepesi. Sehemu kubwa inarudi kwenye injini bila hata kuiona rejeta. Tambarare hutagundua kwa sababu joto ni dogo. Mlimani ndipo deni linadaiwa.

Rudisha themostati kwanza, ndipo tuzungumze hedi.

#4 Dereva_wa_Usiku

Maji_na_Moto, kwa heshima, hilo sikubaliani nalo. Mimi naendesha dizeli isiyo na themostati miaka mingi, mizigo, milima, kila kitu. Haijawahi kuchemsha. Mafundi wanazitoa kila siku.

#5 Fundi_Zamu

Wote wawili mko sahihi, kila mmoja kwa injini yake.

Kuna themostati ya sahani moja, inafunga na kufungua upande wa rejeta tu. Injini za namna hiyo njia ya mkato ni kitundu chembamba, ukiitoa themostati rejeta bado inapata maji ya kutosha. Gari ya Dereva_wa_Usiku naamini ni ya kundi hilo.

Halafu kuna ya sahani mbili. Ukiishika mkononi utaona sahani kubwa juu, katikati kidumu cha shaba chenye nta inayotanuka kwa joto na kuifungua, na chini yake sahani ndogo yenye springi yake. Ile ya chini ndiyo inayoziba njia ya mkato. Injini ya kundi hili ukiitoa themostati umejitengenezea ugonjwa.

Gia_ya_Pili, ile ya zamani ulihifadhi? Itazame chini.

#6 Maji_na_Moto

Asante Fundi_Zamu, umeeleza vizuri kuliko mimi.

Niongeze kwa Dereva_wa_Usiku: hata kama haichemshi, injini ya dizeli inayokimbia baridi muda wote inajiumiza. Mafuta hayaungui vizuri, yanateremka kwenye oili, silinda zinalika mapema. Ulaji wa dizeli nao unapanda. Irudishe hata kama huoni shida.

#7 Gia_ya_Pili

Nimeikuta kwenye boksi la spana. Ina sahani ya chini kabisa yenye kispringi chembamba, na imegongwa namba 82. Nimeielewa sasa. Nikiiweka kwenye sufuria ya maji ya moto nitegemee nini?

#8 Bi_Gereji

Ining'inize kwa uzi isiguse sufuria, weka na kipimajoto. Yenye 82 inaanza kufunguka hapo hapo karibu na 82, na inakuwa wazi kabisa kwenye 95 hivi. Uwazi wake ufike milimita 8 au zaidi. Ikifunguka nusu, au ikichelewa mpaka maji yanatokota, itupe. Kwa umri huo mimi ningeweka mpya bila kuuliza.

Wakati wa kufunga, angalia kile kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza. Kikae JUU. Ndicho kinachopitisha upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye maji. Kikikaa chini, upepo unanaswa chini ya themostati, nta yake inapigwa na mvuke badala ya maji na haifunguki kwa wakati.

Na mimi nina maelezo yangu ambayo hayajatajwa: upepo kwenye mfumo. Hita kutoa baridi ikiwa sailensi na joto ukipiga resi ni dalili ya upepo au maji pungufu. Rejeta imebadilishwa, themostati imetolewa, je walitoa upepo? Paki pua ya gari ikiwa juu, fungua hita hadi mwisho, legeza mpira wa hita ulio juu kuliko yote, jaza polepole mpaka maji yatoke bila mapovu. Kaza, washa bila kifuniko, injini ikiwa bado baridi, endelea kujaza mpaka themostati ifunguke na maji yashuke. Watu wengi wanajaza, wakiona rejeta imefurika wanafunga kifuniko na kuondoka. Ndani bado kuna lita nzima ya upepo.

#9 Mzee_wa_Dizeli

Vijana, salaam. Mmezunguka kote mmeiacha pampu yenyewe.

Hita baridi kwenye sailensi na moto kwenye resi maana yake ni kwamba maji hayasukumwi mpaka pampu izungushwe kwa nguvu. Pampu nzima inasukuma hadi kwenye hita hata kwa mzunguko wa 700 kwa dakika. Watu wanaikagua kwa nje: haivuji, beringi haipigi kelele, wanasema nzima. Panga za ndani nani kaziona? Gari iliyonyweshwa maji matupu miaka kadhaa, panga za chuma zinaliwa na kutu mpaka zinabaki vijiti. Na zile zenye panga za plastiki, panga linaweza kulegea kwenye shafti, puli inazunguka na panga limesimama.

Wala msidanganyike na mpira wa juu kuwa wa moto. Maji ya moto hupanda yenyewe hata bila pampu. Ford Model T ilianza 1908, na karibu zote hazikuwa na pampu ya maji: maji yalizunguka kwa sababu ya moto kupanda na baridi kushuka. Mpira wa juu wa moto na wa chini vuguvugu ndiyo picha kamili ya injini iliyoachwa kuzunguka namna hiyo.

#10 Spana17

Mzee tumeomba msaada wa lita 2.8 wewe umetupeleka 1908 😂 Shikamoo lakini, hoja nimeielewa.

Ila pampu mbovu haielezi chupa kufurika.

#11 Mzee_wa_Dizeli

Marahaba. Inaeleza. Maji yasipozunguka yanachemka pale pale kwenye hedi, kuzunguka vali na chemba ya kuwashia. Mvuke unahitaji nafasi kubwa kuliko maji, hivyo unasukuma maji kwenye chupa. Si lazima iwe hewa ya silinda.

#12 Kipimajoto

Naomba tupunguze kubahatisha, tupime. Kile kipimajoto cha mwanga mwekundu kinatosha, ila kwenye chuma kinachong'aa kinadanganya. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye mdomo wa juu wa rejeta na mdomo wa chini, pima juu ya tepu.

Themostati ikiwa wazi na injini imebeba mzigo, tofauti ya juu na chini kwa kawaida ni nyuzi chache, 5 hadi 10 hivi. Ikiwa tofauti ni kubwa sana, nyuzi 30 na kuendelea, rejeta inapoza vizuri ila maji yanapita polepole mno: pampu, mpira uliojibana, uchafu, njia ya mkato iliyo wazi. Ikiwa juu na chini vyote ni vya moto karibu sawa na bado mshale unapanda, maji yanazunguka ila joto halitoki: feni, mapezi ya rejeta yameziba kwa vumbi na wadudu, au rejeta ndogo.

Angalizo: themostati ikiwa bado imefunga, mpira wa chini LAZIMA uwe baridi. Watu wengi wanashika mpira gari haijapata joto sawasawa na kuhukumu rejeta.

#13 Dereva_wa_Usiku

Hakuna aliyetaja kifuniko cha rejeta. Kifuniko kikilegea maji yanachemka mapema. Chenye namba 1.1 kinafanya maji yachemke kwenye nyuzi 110 badala ya 100. Kibadili hicho kwanza, ndicho rahisi kuliko vyote.

#14 Kipimajoto

Wazo la kifuniko ni zuri, namba siyo. Ile 1.1 bar ni juu ya presha ya hewa ya kawaida. Maji matupu chini ya kifuniko hicho huchemka karibu na 121. Kifuniko cha 0.9 ni karibu 118. Kifuniko kisichoshika kabisa kinakurudisha 100 ukiwa usawa wa bahari, na ukipanda mlima hata hiyo 100 huipati: kwenye mita 2,000 maji huchemka karibu na 93. Fikiria sasa themostati ya 82 inafika uwazi kamili kwenye 95. Kifuniko kibovu pekee kinaweza kuchemsha gari mlimani, na tambarare kukawa hakuna dalili.

Kifuniko kina vali mbili pia. Ile ndogo ya katikati ndiyo inayoruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Gia_ya_Pili anasema asubuhi hayarudi yote. Vali hiyo ikikwama, au mpira mwembamba wa chupa ukiwa na ufa, maji yanatoka na hayarudi. Siku inayofuata unaanza safari na upepo ndani, hapo unarudi kwa hoja ya Bi_Gereji.

#15 Mtoto_wa_Bomba

Heshima kwenu wakubwa. Mpira wa chini je? Pampu inavuta kutoka huko. Ndani ya mpira ule huwa kuna springi ya waya, ikiliwa na kutu mtu anaitoa na kuitupa akidhani ni takataka. Kwenye sailensi mpira uko sawa, ukifika mzunguko wa 3,000 unanyonywa na kubanana kama mrija. Tulihangaika sana na gari ya namna hiyo, mpaka mmoja akapiga resi mwingine akiwa ameinama na tochi. Mpira ulikuwa bapa.

#16 Bi_Gereji

Mtoto_wa_Bomba hilo ni la maana na halichukui hata dakika kulikagua. Angalia na klipu zake pia. Upande huo unavuta, kwa hiyo klipu iliyolegea inaweza isidondoshe hata tone na bado ikaingiza upepo.

#17 Nyota_ya_Jioni

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Ni kweli kwamba maji matupu yanapoza kuliko kulanti (ile dawa ya rejeta inayochanganywa na maji)? Fundi mmoja ameniambia kulanti ni biashara tu.

#18 Kipimajoto

Nusu kweli. Maji matupu yanabeba joto zaidi: kilo moja inachukua kama kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni kama 3.5. Ila mchanganyiko unachemka juu zaidi, karibu 107 bila presha, na muhimu kuliko yote una dawa ya kuzuia kutu. Dizeli ndiyo inayohitaji dawa hiyo zaidi, hasa zenye silinda za kuchomeka zinazoguswa na maji moja kwa moja. Mtikisiko wa mlipuko unatengeneza vipovu vidogo kwenye ukuta wa silinda, vikipasuka vinadonoa chuma mpaka kinatoboka.

#19 Fundi_Zamu

Na usichanganye kulanti za aina tofauti kwa kuangalia rangi. Rangi siyo aina. Nyingine zikikutana zinaganda kama uji na kuziba rejeta nzima. Soma maandishi ya kwenye chupa.

Halafu jamani zile zenye ethilini glikoli ni tamu na ni sumu kali. Mliomwaga kulanti chini, isafisheni. Mtoto au mbwa akiilamba ni msiba.

#20 Gia_ya_Pili

Nimerudi na majibu. Asanteni sana kwa michango.

Themostati mpya ya 82 imeingia, kipini juu. Kifuniko kipya chenye namba ile ile ya mwanzo. Mpira wa chini springi haikuwemo kabisa, nimeweka mwingine na klipu mpya. Upepo tumetoa kama alivyoelekeza Bi_Gereji, na kweli uliendelea kutoka muda mrefu.

Hita sasa inaleta joto hata kwenye sailensi. Mlima ule ule mshale umepanda, ila umeishia robo tatu haukufika kwenye nyekundu. Nilipofika juu nikapima kwenye tepu: juu 96, chini 63. Chupa bado inapanda, safari hii haikumwaga.

Yaani imepona nusu. Mjadala uendelee.

#21 Mzee_wa_Dizeli

96 kwa 63. Nyuzi 33. Maji yanatambaa. Toa pampu utazame panga.

#22 Kipimajoto

Mzee, kabla hajaitoa: Gia_ya_Pili ulipima injini ikiwa bado na mzunguko wa juu au baada ya kusimama na kuiacha sailensi? Kwenye sailensi mtiririko unapungua na tofauti inakuwa kubwa hata kwa injini nzima. Hiyo 33 siwezi kuihukumu mpaka nijue.

#23 Gia_ya_Pili

Nilisimama kwanza, ikawa sailensi dakika kama mbili nikitafuta kipimajoto.

#24 Kipimajoto

Basi kipimo hicho kinaelekea kuonyesha maji yanapita polepole lakini hakithibitishi. Rudia mtu akiwa ameshikilia resi ya 2,500.

#25 Fundi_Zamu

Swali lingine. Rejeta mpya unene wake ni sawa na ya zamani? Mara nyingi gari moja inatoka na injini ya petroli na ya dizeli, rejeta zinaingia kwenye bolti zile zile ila ya dizeli ni nene. Mtu anauziwa ya petroli, inakaa vizuri, tambarare haina neno.

Na hili la pili nalitilia mkazo. Rejeta ni mpya, bloku je? Upande wa bloku, chini, kuna bolti ya kumwagia maji ambayo hakuna anayeigusa. Nimeifungua kwenye gari za umri huo, na nyingi halitoki tone. Unachoma na waya, waya unaingia kwenye tope gumu la rangi ya kahawia, unazungusha, ndipo linaanza kutoka taratibu, zito, lina punje za kutu, na baada ya hapo maji yanafyatuka ghafla. Tope hilo hukaa nyuma, mbali na pampu, kuzunguka silinda ya mwisho. Silinda ya 4 inapikika wakati geji iko mbele kwenye maji yanayotembea. Mbaya zaidi, tope likilegea linahamia kwenye rejeta mpya na kuziba mirija yake.

Kama kuna aliyewahi kumwaga dawa ya kuziba mivujo humo ndani, ndiyo kabisa. Haichagui tundu la kuziba.

#26 Mzigo_Mzito

Habari wadau. Nimesoma uzi wote, mnahangaika na maji tu. Mlimani kwa gia ya tatu gari inakwenda polepole, upepo wa mbele ni mdogo, kazi yote ni ya feni. Klachi ya feni umeiangalia? Ile ina mafuta mazito ya silikoni ndani, na mbele kuna koili ya chuma inayohisi joto la hewa iliyopita kwenye rejeta. Ikipata joto inaruhusu mafuta yaingie, feni inashika. Mafuta yakivuja, feni inazunguka kivivu tu. Dalili: ute wenye vumbi umeganda katikati ya klachi, na injini ikiwa ya moto sana husikii ule mvumo mzito wa feni. Ukizima injini ikiwa ya moto, feni iliyo nzima inasimama karibu mara moja. Ikiendelea kujizungusha yenyewe, imekwisha. Msijaribu kuisimamisha kwa kitu wakati inazunguka, vidole vimekatika hivyo.

Na kava la feni lipo? Likitolewa feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta.

Cha mwisho, moshi mlimani una rangi gani? Kama ni mweusi tii, kuna mtu amekaza skrubu ya pampu ya dizeli ili gari iwe na nguvu. Dizeli nyingi, joto jingi. Injini hizi zenye chemba ya awali (kijichumba cha kwenye hedi ambamo dizeli inaanza kuwaka) zinapeleka joto kubwa kwenye hedi hata bila kuongezewa. Taimingi ikichelewa nayo ni hivyo hivyo.

#27 Gia_ya_Pili

Mzigo_Mzito moshi mweusi upo kiasi, nilidhani ni kawaida ya dizeli mlimani. Kava lipo ila nusu ya chini haipo. Feni nitaifanyia hilo jaribio la kuzima.

Fundi_Zamu rejeta nimepima, mpya ni nyembamba kuliko ya zamani. Inaonekana kwa macho kabisa.

#28 Spana17

Tayari tuna rejeta nyembamba, kava nusu, moshi mweusi, bloku yenye tope na pampu ya Mzee. Na mimi bado nasema hedi. Injini ikichemshwa mpaka kwenye nyekundu mara kadhaa, hata kama chanzo kilikuwa kava la feni, hedi inapinda au inapata ufa. Chanzo kinaweza kuwa chenu, matokeo ni yangu.

#29 Bi_Gereji

Spana17 hapo umesema la maana. Basi tupime hewa ya silinda bila kushusha chochote.

Njia ya kwanza: injini ikiwa BARIDI, jaza rejeta hadi mdomoni, legeza mkanda ili pampu ya maji isizunguke, washa, tazama. Maji hayazunguki, kwa hiyo povu lolote linalopanda mfululizo linatoka kwenye silinda. Usizidishe dakika moja. Na msiendeshe gari mkanda ukiwa umetoka: dizeli nyingi pampu ya vakyumu ya breki iko nyuma ya alternata, mkanda ukitoka breki zinakuwa ngumu.

Njia ya pili: ile dawa ya bluu inayobadilika rangi kwenda kijani au njano ikikutana na hewa ukaa. Kwa dizeli kuna mtego. Ikiwa sailensi dizeli inavuta hewa nyingi kuliko mafuta, hewa ukaa kwenye moshi ni kidogo, dawa inaweza isibadilike wakati hedi ina ufa. Pima mara tu baada ya kupanda mlima, gari ikipoa kiasi cha kufungua kifuniko kwa usalama. Punguza maji kwanza kwenye mdomo wa rejeta, yakinyonywa na kuingia kwenye dawa yanaiharibu rangi.

Na kifuniko kikiwa cha moto kisiguswe. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka, huo ndio ufa wenyewe unautengeneza.

#30 Gia_ya_Pili

Majibu mengine.

Bolti ya bloku tulifungua. Haikutoka kitu, kama alivyosema Fundi_Zamu. Waya ulitoa tope la kahawia, tukasukuma maji kinyumenyume mpaka yakatoka safi. Kava la feni limekamilika. Feni nilipozima injini ikiwa ya moto ilizunguka kidogo ndipo ikasimama, sijui niseme nzima au mbovu.

Mkanda ukiwa umelegezwa, injini baridi: povu moja moja mwanzoni, halafu kimya. Baada ya mlima, dawa ya bluu ikawa na ukijani, haikufika njano. Mshale mlimani sasa unagusa juu kidogo ya katikati tu. Tofauti kwa resi ya 2,500 ni 91 kwa 77. Ila mpira wa juu bado unakaza haraka, na asubuhi nikifungua kifuniko unatoa pumzi.

#31 Spana17

Injini imelala usiku kucha, imepoa, na bado ina presha. Presha hiyo haikutoka kwenye joto, joto limeondoka. Imetoka kwenye silinda. Na ukijani kwa dizeli ni jibu, njano ni ya petroli.

#32 Mzee_wa_Dizeli

Ukijani unaweza kutokana na dawa ya zamani au tone la maji lililonyonywa. 91 kwa 77 bado ni nyuzi 14, na rejeta ni nyembamba, kwa hiyo haipozi kupita kiasi, ni maji yanayochelewa. Pampu haijafunguliwa mpaka leo. Na povu la mwanzoni ni upepo uliobaki baada ya kusafisha bloku.

#33 Maji_na_Moto

Ila pumzi ya asubuhi Mzee hukuigusa.

#34 Mzee_wa_Dizeli

Nimeiona. Hiyo inanisumbua na mimi, sikatai.

#35 Fundi_Zamu

Ufa wa hedi za chemba ya awali mara nyingi unakaa kati ya vali na vali, au kati ya vali na chemba. Injini ikiwa baridi unajifunga, ikipata moto unafunguka. Ndiyo maana jaribio la mkanda linaweza kupita safi na mlimani ikavuja. Na ndiyo maana hedi ikipelekwa kupimwa, mwambie fundi aipime kwa presha ikiwa imepashwa joto kwa maji ya moto. Ya baridi itasema nzima.

Lakini sijashawishika kuishusha. Povu halikuendelea, oili safi, moshi mweupe hakuna. Asubuhi ikiwashwa, silinda moja inasitasita sekunde chache za mwanzo au inawaka sawasawa?

#36 Gia_ya_Pili

Kuna mtikisiko mdogo mwanzoni, nilidhani ni plagi za kupashia joto zimechoka.

#37 Mzigo_Mzito

Inaweza kuwa plagi kweli. Zipime kwa taa ya majaribio kabla ya kusingizia hedi.

#38 Bi_Gereji

Fanya hivi kabla hujafungua chochote. Jioni injini ikipoa, weka pampu ya mkono ya kupimia presha mahali pa kifuniko, ipandishe mpaka namba ya kifuniko chako, iache usiku kucha. Asubuhi soma geji. Kama imeshuka na hakuna tone nje wala zulia la ndani halijalowa, toa plagi za kupashia joto zote nne na uzungushe starta mara moja, ukiwa umesimama pembeni. Silinda itakayorusha maji ndiyo yenye ufa. Ikikosekana inayorusha, pampu ya Mzee itolewe siku hiyo hiyo. Na rejeta nene itafutwe kwa vyovyote vile.

#39 Gia_ya_Pili

Pampu ya presha nimeazima. Leo jioni naiweka.